Waliong'olewa Diego Garcia na waliorudi Handeni

Aliyekulia kwenye kambi za mkonge za Korogwe atayaelewa upesi maisha ya Diego Garcia ya zamani. Kampuni ilimiliki shamba, nyumba na duka. Huku watu waliamkia kukata mkonge, kule kufua nazi na kukausha mbata. Manamba wa Korogwe walitoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Mababu wa Wachagos wengi, wenyeji wa Diego Garcia na visiwa vya jirani, walichukuliwa utumwani Msumbiji na Madagaska kuanzia mwishoni mwa karne ya 18.

Wajukuu wa manamba leo ni watu wa Korogwe, na hakuna anayewauliza walifikaje. Wachagos waliitwa vibarua wa mkataba, wakafukuzwa.

Diego Garcia ni atoli ya visiwa vya Chagos, zaidi ya kilomita 3,500 mashariki mwa Tanga. Volkano ilididimia baharini kwa mamilioni ya miaka huku matumbawe yakijijenga juu yake, hadi ikabaki pete nyembamba ya nchi kavu iliyozunguka maji yaliyotulia. Hakuna mlima wala mto. Lakini maji hayo ya ndani yana kina cha kupokea meli kubwa, na hilo ndilo lililowaponza wenyeji.

Novemba 1965 Uingereza iliimega Chagos kutoka Mauritius, kisha ikaikabidhi Marekani Diego Garcia kwa kituo cha kijeshi. Kati ya 1968 na 1973 visiwa vyote vilihamwa. Walioondolewa walikuwa kama 1,500 hadi 2,000. Baadhi walikuwa wamekwenda Mauritius kutibiwa, wakaambiwa hakuna meli ya kuwarudisha. Mbwa wao walifungiwa kwenye banda la kukaushia mbata, wakauawa kwa moshi.

Aldabra, atoli nyingine iliyotakiwa kwa uwanja wa ndege wa kijeshi, ilinusurika 1967. Wanasayansi waliwapigania kobe wake wakubwa, na Uingereza nayo ilikuwa imeishiwa fedha. Wachagos hawakupata watetezi wa namna hiyo.

Wanaosema muda umepita sana kwa Wachagos kurudi, waje Chogo, wilayani Handeni. Karne ya 19 njaa na utumwa viliwapeleka Wazigua hadi Somalia. Wakatoroka mashamba ya mabwana, wengine wakiongozwa na mwanamke aitwaye Wanankhucha, wakajenga vijiji kando ya Mto Juba na kukitunza Kizigua chao. Vita vya 1991 vilipowafukuza, baadhi walirudi katika nchi ya mababu. Tanzania iliwapa ardhi Chogo, halafu uraia. Vizazi kadhaa vilikuwa vimepita, na bado walipokelewa.

Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka kwamba Uingereza inapaswa kuachia Chagos haraka iwezekanavyo. Mkataba uliosainiwa Mei 2025 kati ya Uingereza na Mauritius unaitambua Chagos kuwa ya Mauritius, lakini unaibakiza Diego Garcia mikononi mwa Uingereza kwa miaka 99. Kwa mkataba huo Wachagos wanaweza kuruhusiwa visiwa vingine, si hicho walikozikwa wengi wa wazee wao.

Hoja kwamba kurudi kwao kutahatarisha usalama wa kituo cha kijeshi haitoshi: raia wa Ufilipino wanafanya kazi na kuishi kwenye kituo hicho hicho. Kama mgeni anakaa, mwenyeji anazuiwa kwa lipi?

Tanzania isimame kwenye Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa, itaje Chogo kwa jina, na idai Wachagos warudishwe Diego Garcia yenyewe.