Daftari la wiki: Mji wa kitambaa

Jumatatu. Nilikuwa kibandani hapa Bongwe, Kwale, nangoja chenji ya maziwa, nikajikuta naitazama noti ya shilingi mia kama niliyoiokota. Ule mnara wa KICC, jumba la mikutano la Nairobi. Tangu noti mpya zitoke mwezi wa Juni 2019, zote tano, kuanzia ya hamsini hadi ya elfu, zina jengo hilo moja. Lilikamilika 1973, ghorofa 28, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wetu. Mwenye kibanda, mama wa Kidigo ambaye kwa kinywa chake hajavuka Voi, huishika picha ya zege la Nairobi tangu alfajiri mpaka isha. Nikamwuliza aona nini kwenye noti ile.

“Naona mia, mwanangu. Kwani wewe waona ngapi?”

Nikachukua maziwa yangu.

*

Noti ile ilinirudisha kwa shangazi. Kwenye sanduku lake, chini ya leso za harusi, ana picha aliyopigwa kivukoni Likoni miaka ya tisini. Wakati ule pale palikuwa na safu ya vibanda vya wapiga picha, wengi wao vijana wa bara walioshuka pwani kutafuta riziki. Nyuma ya mteja walitundika pazia la kuchorwa kwa mkono: meli, ndege, maghorofa. Mbele wakapanga maua ya plastiki. Mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, alivutiwa nao hata akawaandikia makala kwenye majarida ya sanaa, na picha zilizokuwa za kupelekewa mama kijijini zikawa mada ya wasomi Ulaya.

Shangazi amesimama mkono kiunoni, viatu vya kuazima, na nyuma yake mji wenye madirisha mengi kuliko nyumba zote za Ukunda ya siku hizo. Mji gani huu, shangazi? “Wa kitambaa,” akasema, na kuifuta picha kwa ncha ya leso. Alipanda feri akarudi nyumbani jioni ile ile.

Mimi nasema, na wasanifu wanisamehe, wale vijana wa kivukoni waliyaelewa majengo ya kisasa kuliko walioyachora. Mpiga picha wa kazi ya msanifu huamka alfajiri ili watu wasimharibie mistari. Kijana wa Likoni alijua ghorofa ni kitu cha mtu kusimama mbele yake. Mtu akiondoka, pazia lakunjwa.

Lakini haki itendeke: wako wapiga picha wa majengo waliobadilika. Kitabu cha Manuel Herz kiitwacho African Modernism, kilichotoka 2015, kinapita nchi tano za Afrika, Kenya ikiwemo, na picha zake nyingi ni za Iwan Baan, Mholanzi asiyeona haya mpita njia akimkatizia lenzi.

*

Jumatano. Simu imejaa, nafuta picha. Nimefika 2020.

Kafyu ya korona ilianza Ijumaa, tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili Kwale ikafungwa pamoja na Mombasa na Kilifi. Hakuna kutoka, hakuna kuingia. Nami nikatoka na simu kama aliyetumwa. Nahesabu: picha sitini na tatu. Barabara ya ufuo Diani, mbega mweupe kwa mweusi ameketi katikati ya lami kama mwenye shamba. Ufuo mtupu, hata nyayo za ngamia wa kupanda watalii hamna. Hoteli moja viti vimepinduliwa, maji ya bwawa yameota ukijani. (Nyingi ya hoteli zetu hizi ni zege tupu la miaka ya sabini lililovikwa makuti ili mgeni asijue. Yalipokosa wa kuyafuma upya, zege lilichungulia, na nikaona kumbe lilikuwa zuri.) Stendi ya Ukunda bila makanga, kimya ambacho sijakisikia tena.

Za Bongwe? Moja. Ya mbuzi.

Na Bongwe ndiko watu wote walikokuwa. Ufuo ulipobaki mtupu, sisi tulijaa. Walirudi wahudumu wa meza, watandika vitanda, walinzi, mabichi boi na lugha zao nne. Kisimani madumu yalipanga foleni toka asubuhi. Watoto wasio na shule walicheza bao mpaka wakawashinda wazee, jambo lililoleta maneno. Jirani yangu, mhudumu wa hoteli, alikuwa akilima muhogo amevaa shati lake jeupe la kazini, lile lenye kola ngumu, kwa kuwa, alisema, lingekaa bure lingeliwa na mende. Nilisimama naye nusu saa, simu mkononi. Sikuiinua. Ufuo mtupu ulinipendeza, yeye alinitia haya. Nimelifikiria hilo na sijalipatia jibu la kunipendeza.

Picha za watu za wakati ule zilipigwa na wengine. Siku ya kwanza ya kafyu, pale pale Likoni, polisi waliwapiga watu waliokuwa wakingoja feri waende kwao, wakawarushia vitoa machozi kabla hata saa moja haijafika. Picha zile zilizunguka nchi nzima, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi. Sidhani angeombwa radhi mtu kwa picha zangu za bwawa.

*

Alhamisi, fupi. Korona ilituachia jengo moja hapa: daraja la kuelea la Liwatoni, la waenda kwa miguu, lililofunguliwa 1 Januari 2021 kupunguza msongamano kwenye feri. Lilifunguka katikati meli ikipita. Nililipita mara kadhaa na sina hata picha moja.

*

Jumamosi. Nilimwendea jirani, nikamwambia nataka kumpiga picha shambani kwa muhogo, na lile shati kama bado analo. Analo. Akaingia ndani, akakaa. Alipotoka amelipiga pasi, kajipaka mafuta, na jembe kaliacha.

“Si shambani, kaka. Twende barabarani.”

Tukatembea mpaka kwenye ghorofa linalojengwa upande wa Ukunda, ghorofa tatu, vyuma vyatokeza juu, mbao za kumwagia zege hazijatolewa. Si lake, wala hamjui mwenyewe. Akasimama mbele, mkono kiunoni.

“Rudi nyuma kidogo,” akaniambia. “Liingie lote.”