Kufunga Kabla ya Operesheni Si Kuacha Dawa ya Moyo

Wasee, kuna sentensi moja ya hospitali inafaa istaafishwe: "Usitie chochote mdomoni kuanzia saa sita usiku." Inasemwa mara moja, mgonjwa anaitikia, basi. Mzee mwenye anjaina, yule anayebanwa kifua akipanda ngazi, anaisikia hivi: hata dawa niache.

Sasa, kama pakiti yake imeandikwa atenolol au bisoprolol, hapo kuna shida. Dawa hizo hupunguza kasi ya mapigo na kuupumzisha moyo. Ukizikata ghafla, mapigo yanapanda, maumivu yanarudi kwa fujo, na mtu anaweza kupata mshtuko wa moyo hata kabla ya kuingia thieta. Ndiyo maana anayezitumia kila siku kwa kawaida huendelea nazo, hata asubuhi ya operesheni, kwa funda dogo la maji.

"Lakini si ameambiwa afunge?" Tunafunga ili chakula kisipande kikaingia kwenye mapafu mtu akiwa amelala. Kidonge kimoja si sahani ya ugali.

Sisemi ameze zote. Clopidogrel, inayozuia damu kuganda, mara nyingi husimamishwa siku 5 hadi 7 kabla. Lakini kama amewekewa stenti juzi juzi, kuikata bila daktari wa moyo ni hatari kubwa. Hata kuanza dawa kwa haraka kuna bei: utafiti wa POISE wa 2008, wagonjwa zaidi ya 8,000, ulionyesha kuwa kuanza metoprolol ya dozi kubwa siku ya operesheni kulipunguza mshtuko wa moyo lakini kukaongeza kiharusi na vifo. Kila dawa inataka mpango wake.

Wengine watasema mgonjwa aulize mwenyewe. Aulize aje, na anaogopa, na amelelewa akiamini kumhoji daktari ni kukosa adabu? Hospitali iandike: hii endelea, hii acha siku fulani, hii rudia siku fulani. Karatasi moja tu!

Mpaka waandike, sisi ndio tunawapeleka. Usiamue kupitia hii posti. Beba pakiti zote, umuulize daktari wa usingizi moja moja kwa jina, mapema. Baada ya operesheni uliza tena zinarudi lini. Wakikunja uso, uliza tu. Moyo wa buda yako hauna spea.