Ugo wa Minyaa

KIBARAZANI
Na Mwanahawa Mhina

Kaka yangu ameleta matofali. Nimeyakuta wiki iliyopita nilipokwenda kumwona mama, yamepangwa chini ya mwembe, 600 kwa hesabu ya fundi, ya kujengea ukuta pale penye ugo wa minyaa unaotutenga na jirani. Mama akaniuliza, "Wasemaje, mwanangu?" kana kwamba mwenye pesa ni mimi.

Kwetu ni Muheza, kijijini, ukiishika barabara ya kupandia Amani. Wengi wanaijua Muheza kwa machungwa, ambayo malori huyafuata hata kutoka Kenya. Mimi napenda kwenda Januari, kaskazi inavuma, vuli imekwisha na masika bado, machungwa yenyewe yangali mabichi. Ndio mwezi wa kukaa. Ukitaka kufanya la maana, lifanye kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo ni mkeka, dafu na umbea.

Mwembe wetu ni wa dodo. Shina liko kwetu, lakini nusu ya matawi yamevuka ugo yakainamia jiko la jirani. Usiku embe lililoiva huanguka juu ya bati lake, pu! kisha linabiringika hadi chini. Sisi tunasikia, naye anasikia. Alfajiri, hata hatujajuliana hali, anapaza sauti kutoka upande wake: "Jana manne!" Hayo ni yake. Lililoanguka kwako ni lako, mti uwe wa nani. Lakini la mtini huombwa, na watoto wake wanalijua hilo: hawashiki upembo mpaka wapige hodi, wamwamkie mama, na wakubali kwanza kutumwa dukani kununua chumvi. Chumvi yenyewe ni ya kulia maembe mabichi na pilipili, kwa hiyo sidhani kama wanapunjika.

Maji ya bafu letu nayo yanateremkia kwake. Mtu wa mjini angeshapelekwa kwa mjumbe. Jirani alichimba kajifereji, akapanda migomba mitatu mwishoni mwake, na kila mkungu unapokatwa chane mbili zinakuja kwetu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni zawadi. Siku moja nikamsikia mama akimwambia shangazi, "Zile ni zetu, tumezioga wenyewe."

Halafu kuna bakuli. Lina maua mekundu yaliyofifia na pengo dogo ukingoni, na sijui kama lilianzia kwetu au kwake. Jioni linakuja na ng'onda wa nazi, limefunikwa kawa. Kesho linarudi na kisamvu. Halirudi tupu. Siku ambayo jikoni hakuna kitu, mama hulirudisha na ndimu mbili, au mrehani wa kutia kwenye nywele. Hata mwaka waliponuniana kwa ajili ya mbuzi aliyekula mche wa mdalasini, bakuli lilikwenda na kurudi, ila lilipitia mikononi mwa watoto, na hakuna aliyesema limetoka kwa nani.

Bustani ya mama haina ua la kutazama. Nimewahi kumwambia kwamba milima ile tunayoiona kila asubuhi, Usambara Mashariki, ndiko kunakoota kiua kimoja cha zambarau kinachopendwa sana Ulaya, watu wanakipanda kwenye vyungu na kukiweka madirishani. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikipeleka kwao, na mwaka 1893 kikapewa jina lake, Saintpaulia. Mama alinisikiliza vizuri, akauliza, "Kinaungwa na nazi?" Kwake ua ni la boga. Tuta lake ni la matembele, bamia, nyanya chungu na mchaichai, na limekaa ugoni kabisa ili apalilie huku akizungumza. Nimejaribu kupalilia naye. Kazi ya nusu saa inachukua mpaka adhuhuri, na ukinyanyuka unajua nani amechumbiwa, nani amerudishwa kwao na nani anauza shamba kwa siri.

Sasa, kaka yangu si mtu mbaya. Mwaka jana tuliibiwa paneli ya sola juu ya paa, na mama anaishi na mjukuu mmoja tu. Anayelala Dar es Salaam akijua mama yake amezungukwa na vijiti hawezi kupata usingizi, na mimi ambaye situmi pesa nyingi nina nafasi ndogo ya kumcheka. Lakini mwizi yule alirudi mara ya pili, safari hii kwa ajili ya betri, na aliyepiga yowe si mama, aliyekuwa usingizini. Ni jirani, aliyetoka kwenda kuokota embe akaona tochi upande wa pili wa minyaa. Betri ilidondoshwa uwanjani. Nilimweleza kaka kwenye simu. Akasema basi tutaacha kidirisha ukutani. Nikamuuliza, bakuli litapita? Akanyamaza, kisha akasema nimwache, ana kikao.

Mama hajasema ndiyo wala siyo. Mtoto akikupa kitu humkatalii, na hilo nalo nalielewa. Ila Jumamosi, tulipokuwa tunatafuta kivuli cha kutandikia mkeka, tulikuta kuku amejichimbia katikati ya matofali, amejifutua manyoya, hataki hata kutazamwa. Mayai kumi na moja. Mama akachukua simu, akampigia fundi papo hapo: asije kwanza, yale matofali yasiguswe mpaka kuku aangue.

Kuku mwenyewe ni wa jirani.