Ndugu wa Ng'ambo ya Namanga

Barabara ipitayo Kitengela na Isinya huenda kuishia Namanga, mji mmoja wenye serikali mbili. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1886, mstari wao ulitoka pwani, ukauzunguka Kilimanjaro, ukanyooka hadi Ziwa Viktoria. Wamaasai wa Ilkisongo walioko Loitokitok wana ndugu Longido, Tanzania. Iloitai wa Narok wana wao Loliondo.

Je, Kenya iwasemee hao wa ng'ambo?

Wapo wanaowasemea ndugu zao: mwaka 2017 rais wa Romania alifuta ziara yake Ukraine kwa sababu sheria mpya ya elimu huko ilibana lugha ya Waromania wa nchi hiyo. Mwaka huohuo, Tanzania ilipiga mnada ng'ombe wapatao 1,300 waliovuka kutoka Kajiado kutafuta malisho. Nairobi ililalamika, maana wenye mali walikuwa raia wake. Lakini Juni 2022, polisi walipoingia Loliondo kulinda uwekaji wa vigingi vya mpaka wa hifadhi ya wanyamapori katika kilomita za mraba 1,500, askari akauawa na wanakijiji wakapigwa risasi, majeruhi walikimbilia Narok na Serikali ya Kenya haikupaza sauti.

Woga si sababu pekee ya kimya hicho. Romania ni dola ya Waromania. Wamaasai hawana dola upande wowote. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu 1,189,522. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu 1967, na sisi Wakenya tulioyaona machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 hatuna haki ya kuucheka uamuzi huo. Ila una gharama yake: jamii isiyohesabika huitwa "wafugaji" tu, na mfugaji ni mtu wa kuhamishwa.

Kisha kuna aibu ya nyumbani. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai Bonde la Ufa, wa 1911 ukawatoa Laikipia, na hawakurudishiwa ardhi yao. Hapa Kitengela malisho ya Ilkaputiei yamekatwa ploti, ua juu ya ua. Wapo watakaosema hilo linatunyima ulimi. Mimi sikubali: kuuza shamba lenye hati, hata kwa bei ya njaa, si sawa na kuondolewa na bunduki.

Hata hivyo, kujifanya walezi wa raia wa Tanzania kutawaponza wao kwanza. Wataambiwa ni Wakenya. Vijiji vya Loliondo vyenyewe viliishtaki Serikali yao mwaka 2017 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Vilishindwa Septemba 2022, lakini Novemba 2023 kitengo cha rufaa kiliagiza kesi isikilizwe upya. Mlango huo ni wao.

Wa Kenya ni mwingine: kudai mkataba wa malisho wakati wa ukame, wenye njia, chanjo na tarehe za kurudi. Soko la Pamoja lilianza 2010, na kituo cha pamoja cha Namanga kilizinduliwa 2018. Lori la saruji lina fomu zake pale. Ng'ombe anayefuata mvua hana fomu.