Bora Liende

Geti letu la umeme lilipogoma kufunga, sisi wapangaji tulikaa kikao cha dakika ishirini, na kumi na tano kati ya hizo tulimjadili mlinzi. Kwamba anachezea rimoti. Kwamba anaegemea geti akiongea na simu. Mmoja akapendekeza akatwe mshahara. Mimi ndiye mweka hazina wa nyumba hizi nne, hapa Mbezi, Dar es Salaam. Nilinyamaza, nikaandika pendekezo lile kwenye daftari. Naanza na aibu yangu ili nisionekane nawasema wengine.

Fundi alikuja asubuhi. Akafungua kifuniko cha mota, akafukuza sisimizi, akapima betri, akabonyeza rimoti. Geti likafunga. Akabonyeza tena na tena, likafunga na kufunguka bila kinyongo. "Mama, hili halina shida." Nikamwambia asubuhi halina shida, jioni ndiyo linagoma: linafunguka, lakini ukilitaka lifunge linabaki wazi. Hakuuliza jioni kuna nini. Alikata kipande cha waya kisichofika urefu wa kidole, akakiunganisha kwenye bodi, kisha akapandisha nguvu ya mota hadi mwisho. "Haya macho yanasumbua tu. Nimeyabaipasi." Jioni ile geti likafunga. Nikamlipa kwa furaha, na nauli nikamwongezea.

Nieleze nilichokilipia, maana wengi tunalipia kitu hicho hicho bila kujua. Kwenye nguzo mbili za geti kuna macho mawili yanayotazamana. Moja hurusha mwale usioonekana, jingine huupokea. Mwale ukikatwa na mtu, gari au mbuzi, jicho linalopokea huiambia bodi: kuna kitu njiani, usifunge. Ndiyo maana geti lenye tatizo la macho hufunguka vizuri tu, likakataa kufunga. Kile kipande cha waya huidanganya bodi kwamba njia iko wazi siku zote. Kupandisha nguvu nako huondoa kinga ya pili, ile inayolifanya geti lisimame likigonga kitu. Kwa hiyo tulibaki na chuma cha mamia ya kilo kisichoona wala kuhisi, tukashukuru kwamba kimepona.

Siku ya nane, geti liliibana baiskeli ya mtoto wa nyumba ya tatu kwenye nguzo, rimu ikakunjika. Mtoto mwenyewe ana miaka mitano. Alikuwa ameiacha pale njiani sekunde chache kabla, amerudi kuokota kandambili iliyomvuka. Kandambili ndiyo iliyomwokoa. Sisi watu wazima wa kikao tulikuwa tumeshafanya yetu.

Usiku huo ndipo nilipomfuata mlinzi nikamuuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: "Mzee, lile geti lilikuwa linagoma saa ngapi hasa?"

"Kuanzia kumi na moja na nusu, mama, mpaka jua lizame. Siku ya mawingu haligomi."

Alikuwa na jibu muda wote. Jicho linalopokea lilikuwa kwenye nguzo ya mashariki, limetazama magharibi, na jua la jioni lilikuwa linalipiga usoni moja kwa moja mpaka halioni mwale wa mwenzake. Fundi wa pili aliyabadilishana nguzo macho yale kwa muda usiofika saa moja. Linalopokea sasa linatazama mashariki, ambako ghorofa ya jirani inalikinga na jua la asubuhi. Akautoa ule waya, akarudisha nguvu chini. Geti halijagoma tena. Mlinzi tulimwomba radhi, na ule mstari wa daftarini niliukata mbele yake.

Najua nitakavyojibiwa. Kwamba geti wazi magharibi ni karibu kwa wezi. Kweli, lakini kila mota ina ufunguo wa kuiachia, geti likasukumwa kwa mkono siku mbili tatu wakati chanzo kinatafutwa. Kwamba macho haya ni mambo ya Wazungu. Marekani, kuanzia 1993, sheria inataka kila mota mpya ya mlango wa gereji ya nyumbani iwe na jicho au kinga nyingine ya namna hiyo, baada ya watoto kufa wakibanwa chini ya milango hiyo. Hawakuzaliwa waangalifu kuliko sisi, walizika kwanza. Sisi tunasubiri kuzika wangapi?

Ugonjwa wetu ni mpana kuliko geti. Fyuzi ikiungua tunafunga waya mnene. Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi tunaichomoa. Chombo kikisema "hapana" tunamwita mtu wa kukifunga mdomo, halafu tunamsifu kuwa ni fundi. Bora liende. Na anayekaa na chombo hicho kutwa nzima, anayejua kinagoma saa ngapi na katika hali gani, hatumuulizi, tunamkata mshahara.

Fundi wa kwanza simlaumu peke yake. Alituuzia tulichokitaka. Tulitaka geti lifunge, basi, na hakuna aliyeuliza kwa nini lilikuwa linakataa.

Leo jioni lifunge geti lenu, na likiwa linakwenda sukuma ndoo tupu ikatize mbele ya yale macho. Tumia ndoo, si mguu. Likisimama au likirudi, lala salama. Likiendelea, kuna kipande cha waya ndani ya kile kifuniko, na inawezekana ni wewe uliyekilipia.