Mjomba, usinunue hiyo jeti

Nimekuwa kimya majuma kadhaa. Leo siandiki juu ya hifadhidata wala Linux. Nimekasirika, na nitaeleza kwa nini.

Mjomba wangu wa Wundanyi, mfanyabiashara wa mawe ya kijani, ana leseni ya urubani na huruka ndege ndogo ya injini moja ya pistoni. Sasa kaona tangazo la Eclipse 500 iliyotumika: jeti ya viti sita, injini mbili, rubani mmoja anatosha. Bei yake, anasema, ni kama bure. Anataka familia iuze shamba la babu, na mama yangu naye anatakiwa atie sahihi. Nimeulizwa mimi kwa sababu eti ni mtaalamu wa kompyuta. Vizuri. Nitajibu kama mtu wa kompyuta.

Eclipse Aviation ilianzishwa na Vern Raburn, mtu aliyetoka Microsoft, na Bill Gates mwenyewe aliweka pesa zake humo. Mwaka 2000 waliahidi jeti ya chini ya dola milioni 1. Fikra ilikuwa ileile tunayoijua katika fani yetu: tengeneza kwa wingi, bei itashuka, kompyuta itafanya kazi ya vyuma. Idhini ya FAA ilipatikana Septemba 2006. Lakini wateja walikabidhiwa ndege ambazo mitambo yake ya kuongozea haijakamilika, kwa ahadi ya "tutamalizia baadaye". Unaijua ahadi hiyo? Mimi naijua, nimeitoa kwa wateja mara nyingi. Tofauti ni kwamba programu yangu ya stoo ikikwama, hakuna anayeanguka kutoka juu.

Novemba 2008 kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, baada ya kutengeneza ndege kama 260. Waliolipa amana wakingoja zamu yao walipata hasara. Wenye ndege wakabaki na kompyuta inayoruka isiyo na mwenyewe. Mwaka 2009 wengine waliinunua mali hiyo na kuendeleza matengenezo, na kwa haki niseme kwamba ndege hizo zinaruka hadi leo. Lakini kampuni iliyorithi, ONE Aviation, nayo ikafilisika mwaka 2018. Mjomba, mara mbili! Ungenunua hata pikipiki ya namna hiyo?

Sasa sikiliza hii. Juni 2008, Eclipse ilikuwa ikitua uwanja wa Midway, Chicago. Upepo ukabadilika ghafla, rubani akasukuma mikono ya nguvu za injini mbele kwa kasi. Ikasukumwa kupita kikomo ambacho waandishi wa programu walikitarajia. Kompyuta ikaona namba iliyo nje ya mipaka, ikaamua kwamba kipimo kimeharibika, ikashikilia namba ya mwisho iliyoiamini: nguvu zote. Injini zote mbili! Marubani wakainuka tena, wakazima injini moja, na ile ya pili ikashuka hadi nguvu ya chini kabisa na kukataa amri. Wakatua hivyo hivyo, matairi yakapasuka. Hakuna aliyeumia. Siku chache baadaye FAA ikatoa amri ya dharura.

Nilipoisoma habari hii nilinyamaza kwa muda. Ni kosa ambalo mimi ningeweza kuliandika Ijumaa jioni: kama namba haieleweki, tumia ya zamani. Kwenye karatasi linaonekana la busara.

Najua jibu la mjomba: kosa hilo lilirekebishwa. Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba injini ya jeti huharibika mara chache kuliko ya pistoni. Swali langu si la jana. Kosa lijalo atalirekebisha nani? Kwa bei gani? Ndege itangoja wapi, na kwa fundi yupi aliyeidhinishwa kuigusa?

Halafu tuje nyumbani. Kutoka Voi hadi Wilson ni kama kilomita 300 angani. Jeti hii imeundwa kusafiri futi 41,000 juu, huko ndiko inakopata kasi yake bila kunywa mafuta vibaya. Kwa safari hii utakuwa unapanda, kisha unashuka, basi. Inataka lami safi, si mawe na vumbi letu. Na rubani wa jeti yoyote lazima afunzwe na kuidhinishwa kwa aina ile ya ndege, kisha aruke mara kwa mara ili mikono isisahau. Mjomba huruka mwezi akipata nafasi.

Hapa Voi tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton alipaa hapa kwa Gipsy Moth yake mwenyewe, ikaanguka na kuwaka moto muda mfupi baadaye. Alikufa pamoja na mtumishi wake, Kamau. Watu humkumbuka tajiri. Mimi humfikiria Kamau, ambaye ndege haikuwa yake wala uamuzi haukuwa wake. Mwenye ndege hafi peke yake, mjomba, na wala hafilisiki peke yake.

Simwambii aache kuruka. Ashirikiane na wenzake kwenye ndege ya propela, imara, yenye mafundi hapa nchini, aruke kila wiki. Nairobi akiwa na haraka kuna treni, Madaraka Express inasimama Voi tangu 2017. Anayeuza jeti kwa bei ya kutupa anauza mlango tu, nyumba utailipia kila mwaka.

Mama, najua unasoma hapa. Usitie sahihi.