Saa za Pangaboi Si Nusu Saa

Ipo kasumba katika biashara ya usafiri wa anga ambayo imeachwa ikaota mizizi bila kuhojiwa. Ni kasumba ya kumpima rubani kwa aina ya injini inayoivuta ndege yake, badala ya kumpima kwa kazi aliyoifanya. Matangazo mengi ya kazi duniani humtaka mwombaji awe tayari amerusha ndege za jeti kwa mamia au maelfu ya saa. Rubani aliyetumikia miaka mingi ndege za rafadha, zile ambazo wananchi huziita pangaboi, hulisoma tangazo hilo na kukuta kwamba jasho lake halikuhesabiwa.

Dharau hiyo si ngeni Tanzania. Mwaka 2016, Serikali iliponunua ndege 2 za Q400 ili kulifufua Shirika la Ndege, walikuwapo waliozibeza kwa sababu zina mapanga. Walisahau kwamba ndani ya injini hizo mna gesi moto inayozungusha magurudumu, sawasawa na ndani ya jeti. Na jeti ya abiria ya kisasa nayo ina pangaboi lake, ila limefichwa ndani ya ganda.

Itazamwe sasa kazi yenyewe. Jeti hupanda futi 35,000 na zaidi, ikayaacha mawingu mengi chini yake. Q400 na ATR huishia karibu na futi 25,000, mahali ambapo rubani hana budi kupambana na mvua, barafu na misukosuko ya hewa. Anayehudumia viwanja kama Iringa, Songea, Mpanda na Bukoba huweza kuruka na kutua mara kadhaa katika siku moja, wakati mwenzake wa masafa marefu hutua mara moja baada ya saa nyingi. Kiwanja cha Iringa kiko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na nguvu ya injini hupungua. Nani athubutu kusema kwamba saa iliyopatikana huko ni nusu saa?

Watetezi wa sharti hili hudai kwamba jeti ina kasi kubwa, haipunguzi mwendo upesi, na humlazimu rubani kupanga mteremko wake mapema. Hayo ni kweli, lakini hayathibitishi wanachokitaka. Ni kwa ajili hiyo kila rubani anayehamia aina mpya ya ndege husoma upya, hufanya mazoezi katika mtambo wa kuigiza urukaji, hutahiniwa, kisha hubeba abiria chini ya uangalizi wa mkufunzi. Leseni ya juu ya urubani, kwa viwango vya kimataifa, hudai saa 1,500. Haidai ziwe za jeti. Sharti la jeti limetungwa na waajiri.

Unafiki wa sharti hilo huonekana wazi Ulaya. Huko yapo mashirika yanayomchukua kijana mwenye saa zipatazo 200 na kumketisha kiti cha kulia cha jeti yenye viti 180. Ikiwa kijana huyo hufundishika, kwa nini rubani mkuu wa pangaboi mwenye saa 4,000 aambiwe hafai? Jibu mara nyingi limo mfukoni: kijana hujilipia mafunzo, na mzoefu hutaka mwajiri amlipie.

Wapo watakaoitaja ajali ya Q400 karibu na Buffalo, Marekani, mwaka 2009, iliyoua watu 50. Lakini wachunguzi hawakuishutumu rafadha; walishutumu namna rubani mkuu alivyoliitikia onyo kwamba ndege inakaribia kupoteza uwezo wa kuelea hewani. Marubani wote wawili walikuwa na saa zaidi ya 2,000. Funzo lake ni kwamba usalama huletwa na mafunzo na mitihani, wala si hesabu tupu za saa au jina la injini.

Tanzania leo ina shirika moja lenye Q400, Airbus A220, Boeing 737 MAX na Boeing 787. Hiyo ni ngazi kamili. Kila mwalimu anajua kwamba aliyelimudu darasa la watoto 100 kijijini hawi mwalimu pungufu akihamishiwa mjini; na kila mtumishi wa umma anajua thamani ya afisa aliyeanzia wilayani. Shirika lolote linaloendeshwa kwa fedha za umma halina haki ya kuipuuza hazina hiyo, kisha likaagiza ng'ambo kile kilichomo nyumbani.

Kinachodaiwa si upendeleo. Saa ya pangaboi ihesabiwe saa, na mwenye nayo aruhusiwe kutahiniwa. Akishindwa, ashindwe na mtihani. Asishindwe na tangazo.